Dozi kwa Mita ya Mraba

Dawa nyingi za saratani hupimwa kwa mita za mraba za mwili wa mgonjwa. Kwenye karatasi ya matibabu daktari huandika, kwa mfano, doksorubisini miligramu 60 kwa kila mita ya mraba, na kazi ya kujua mgonjwa ana mita ngapi za mraba huachiwa kanuni ya hesabu inayohitaji vitu viwili tu: urefu na uzito. Watu wazima wengi wana eneo la ngozi la kati ya mita za mraba 1.5 na 2. Mtoto aliyezaliwa na kilo tatu na nusu ana 0.22 hivi. Hakuna hospitali inayozungusha utepe mwilini mwa mgonjwa kutafuta namba hiyo. Hukadiriwa, na makadirio hayo ndiyo yanayoamua ni kiasi gani cha dawa kali kitaingia kwenye mshipa.

Swali linalokuja mara moja ni dawa ya mshipani inahusiana vipi na ngozi. Kusema kweli, haihusiani nayo hata kidogo. Ngozi imeingia kwenye hesabu kwa niaba ya jambo jingine ambalo ni gumu kulipima: kasi ya mwili katika shughuli zake za ndani, yaani kuchoma chakula, kusukuma damu, kuchuja uchafu kwenye figo na kuvunjavunja kemikali kwenye ini. Kasi hiyo haipandi sambamba na kilo. Hupanda pole kuliko kilo, na inavyopanda inakaribiana sana na jinsi eneo la ngozi linavyopanda.

Chanzo chake ni jiometri. Umbo likiongezeka mara mbili kwa urefu, upana na kimo, eneo lake la nje huongezeka mara nne, ilhali ujazo wake, na kwa hiyo uzito, huongezeka mara nane. Ndiyo maana anayemenya kilo moja ya viazi vidogo hubaki na maganda mengi kuliko anayemenya kilo moja ya viazi vikubwa. Mwili mdogo una ngozi nyingi kwa kila kilo, unapoteza joto upesi, na hauna budi kuzalisha joto upesi ili usipoe. Mwaka 1883 mwanafiziolojia Mjerumani Max Rubner alichapisha vipimo vya joto la mbwa wa ukubwa mbalimbali. Kwa kila kilo, mbwa wadogo walizalisha joto jingi kuliko wakubwa. Alipogawanya joto hilo kwa eneo la ngozi, tofauti ilikaribia kutoweka. Baadaye, mwaka 1932, Max Kleiber alionyesha kwamba kwa wanyama wa aina nyingi, wadogo kwa wakubwa, kasi ya mwili inafuata uzito uliopandishwa kwa kipeo cha robo tatu badala ya theluthi mbili za jiometri tupu. Wanabiolojia bado wanabishana kuhusu vipeo hivyo viwili, lakini kwa anayepima dozi ya binadamu ubishi huo haubadilishi mengi. La msingi ni kwamba kipeo kiko chini ya moja.

Chukua mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 64, na mtoto wa miaka minne mwenye sentimita 100 na kilo 16. Kwa uzito, mtoto ni robo ya mwanamke. Kwa eneo la ngozi, mwanamke ana mita za mraba 1.69 na mtoto ana 0.67, karibu sehemu mbili kwa tano. Ikiwa dozi ya mwanamke ni miligramu 1,000, mtoto akipimiwa kwa kilo atapata 250, na akipimiwa kwa mita za mraba atapata karibu 400. Kwenye maradhi kama lukemia, kumpa 250 ni kumpunja, na seli za saratani zilizonusurika hurudi.

Kosa la upande wa pili, la kupandisha dozi kwa kilo kutoka mnyama mdogo hadi mkubwa, lina kisa chake mashuhuri. Agosti 1962, kwenye bustani ya wanyama ya Oklahoma City nchini Marekani, watafiti walimdunga ndovu dume aliyeitwa Tusko miligramu 297 za LSD, dawa inayovuruga akili. Hesabu yao ilikuwa miligramu 0.1 kwa kila kilo, kiwango ambacho paka walikistahimili. Baada ya dakika chache Tusko alianguka, na kabla ya saa mbili kwisha alikuwa amekufa. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama aliuawa na LSD au na dawa nyingine alizodungwa katika harakati za kumwokoa. Kosa la hesabu, hata hivyo, halina ubishi. Ndovu wa kilo 3,000 ni mzito mara 1,000 kuliko paka wa kilo tatu, lakini ngozi yake ni kama mara 100 tu ya ngozi ya paka. Kwa kipimo cha ngozi angedungwa karibu sehemu ya kumi ya alichodungwa.

Kabla ya kuitumia ngozi kama kipimo, ilibidi mtu aipime. Mjerumani Karl Meeh alifanya hivyo mwaka 1879 kwa watu wachache, watoto na wazima, akatoa kanuni iliyotegemea uzito peke yake: uzito uliopandishwa kwa kipeo cha theluthi mbili, mara namba maalumu. Kanuni hiyo ilitumika kwa zaidi ya miaka thelathini, na kasoro yake ilikuwa kubwa. Kwa kuwa haikujali urefu, mtu mfupi mnene na mtu mrefu mwembamba wenye kilo sawa walihesabiwa kuwa na ngozi sawa, na wanene walikuwa wakikadiriwa kupita kiasi.

Waliorekebisha kasoro hiyo walikuwa binamu wawili wa New York, Delafield Du Bois na Eugene Du Bois. Eugene alikuwa daktari aliyechunguza joto la miili ya wagonjwa katika hospitali ya Bellevue, na alihitaji namba ya kuaminika ya kugawanyia joto hilo. Njia yao ilikuwa ya mikono kabisa. Mtu alivishwa nguo nyembamba ya kubana mwili mzima, kisha akabandikwa vipande vya karatasi ya gundi mpaka akafunikwa na gamba lililofuata kila mkunjo wa mwili wake. Gamba lilipokauka lilichanwa, likakatwa vipande vidogo vinavyoweza kulala bapa, na vipande hivyo vikapangwa juu ya karatasi ya kusafishia picha na kuanikwa juani. Sehemu zilizofunikwa zilibaki na rangi tofauti. Zilikatwa kwa mkasi na kuwekwa kwenye mizani, na kwa kuwa uzito wa kila sentimita ya mraba ya karatasi ile ulijulikana, uzito ukageuzwa kuwa eneo.

Mwaka 1916 binamu hao walichapisha kanuni yao. Uzito kwa kilo hupandishwa kwa kipeo 0.425, urefu kwa sentimita hupandishwa kwa kipeo 0.725, viwili hivyo huzidishwa pamoja, kisha huzidishwa kwa 0.007184. Tarakimu nne zenye maana mwishoni mwa namba hiyo zinampa msomaji picha ya usahihi mkubwa. Watu waliopimwa kupata kanuni hiyo walikuwa tisa. Hata hivyo imeendelea kutumika duniani kote kwa zaidi ya karne, na cha kushangaza ni kwamba haijakosea sana. Edith Boyd wa Marekani alikusanya mwaka 1935 vipimo vya mamia ya watu vilivyokuwa vimetapakaa katika maandishi ya watafiti mbalimbali. Mwaka 1970 Gehan na George walitumia vipimo vya watu 401 kutoka kwenye mkusanyo huo kutengeneza kanuni nyingine, na mwaka 1978 Haycock na wenzake wakatoa yao, wakizingatia zaidi watoto, hata wale waliozaliwa kabla ya wakati. Siku hizi mashine za mwanga wa leza hupima umbo la mwili mzima wa mtu bila karatasi wala gundi. Kwa watu wa maumbo ya kawaida, kanuni zote hizi hupishana kidogo tu.

Mpaka katikati ya karne ya ishirini, mita za mraba za mwili zilikuwa mali ya wanafiziolojia waliopima joto, moyo na figo. Zilihamia kwenye dawa kupitia kwa watoto. Donald Pinkel, daktari wa watoto katika kituo cha saratani cha Roswell Park mjini Buffalo, alilinganisha dozi za dawa kadhaa za saratani ambazo zilikuwa zimezoeleka kwa wanyama wa maabara, kwa watoto na kwa watu wazima. Kwa kilo, dozi hizo zilitofautiana sana: kadiri mwili ulivyokuwa mdogo ndivyo ulivyostahimili dawa nyingi kwa kila kilo. Kwa mita ya mraba zilikaribiana mno. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1958. Miaka minne baadaye alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa hospitali ya watoto ya St. Jude mjini Memphis, ambako mchanganyiko wa dawa alioujenga kwa ajili ya lukemia ya watoto ulianza kuponya ugonjwa ambao awali uliua karibu kila aliyeupata.

Mwaka 1966 Freireich na wenzake walipanua ulinganisho huo kwa panya, mbwa, nyani na binadamu, wakaona vilevile. Matokeo yao yaliupa utafiti wa dawa mpya kitu ulichokikosa kwa muda mrefu, yaani daraja la kuvuka kutoka kwa panya hadi kwa mtu wa kwanza kujaribiwa. Kwa kuwa panya mdogo wa maabara ana ngozi nyingi sana kwa kila kilo, dozi yake kwa kilo hugawanywa kwa takriban 12 kupata inayolingana kwa mtu mzima. Mwongozo wa mwaka 2005 wa mamlaka ya dawa ya Marekani kuhusu dozi ya kuanzia kwa binadamu unatumia namba hizohizo, kisha unataka matokeo yapunguzwe tena, kwa kawaida mara kumi, kwa ajili ya usalama. Katika kuvuka huku kutoka mwili mdogo sana kwenda mkubwa ndipo kipimo cha mita za mraba kinapoonyesha nguvu zake zote.

Kwenye wodi, ugumu wa zamani ulikuwa hesabu yenyewe. Vipeo vya akina Du Bois havihesabiki kichwani, kwa hiyo madaktari walibeba chati yenye mistari mitatu iliyosimama: urefu upande mmoja, uzito upande wa pili, na katikati eneo la ngozi. Rula ilipounganisha mistari ya pembeni, ilikata jibu kwenye mstari wa kati. Mwaka 1987 R. D. Mosteller aliandika barua fupi kwa New England Journal of Medicine akipendekeza njia inayowezekana kwa kikokotoo chochote. Zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Mtu wa sentimita 150 na kilo 54 anatoa 8,100. Ikigawanywa kwa 3,600 inabaki 2.25, ambayo kipeuo chake ni 1.5. Basi ana mita za mraba moja na nusu. Leo simu ya mkononi inatosha, na kanuni hiyo imeenea sana katika kliniki za saratani.

Yule mwanamke wa sentimita 160 na kilo 64 anafaa tena hapa. Kwa Mosteller ana mita za mraba 1.69, kwa Du Bois 1.67, kwa Haycock 1.70. Akiandikiwa doksorubisini miligramu 60 kwa mita ya mraba, mchanganyiko wa kawaida pamoja na siklofosfamaidi miligramu 600 kwa saratani ya matiti, kanuni hizo tatu zitampa doksorubisini miligramu 101, 100 na 102. Mfamasia atachukua chupa mbili za miligramu 50 na kumpa 100. Hospitali nyingi huruhusu dozi kusogezwa kwa asilimia tano, nyingine hadi kumi, ili ilingane na ukubwa wa chupa, maana dawa iliyobaki kwenye chupa iliyofunguliwa mara nyingi hutupwa, na dawa hizi ni ghali. Mjadala wa kanuni ipi ni bora umejaza kurasa nyingi kuliko unavyostahili. Kinachotakiwa ni kituo kimoja kuchagua moja na kubaki nayo, mgonjwa asihesabiwe leo kwa hii na mwezi ujao kwa nyingine.

Mizani inastahili kuangaliwa kuliko kanuni. Kwa kuwa kanuni ya Mosteller ina kipeuo, kosa la asilimia kumi kwenye uzito huzaa kosa la asilimia tano hivi kwenye eneo, na sentimita tano za ziada kwenye urefu wa mtu wa sentimita 160 huongeza asilimia moja na nusu tu. Kipeuo kinasamehe makosa madogo. Makosa makubwa kinayapunguza bila kuyafuta, na makubwa hutokea kwa sababu ndogo: mgonjwa aliyepimwa na koti na viatu, urefu ulioulizwa kwa mdomo badala ya kupimwa, uzito ulionakiliwa kutoka faili la miezi mitatu iliyopita wakati mgonjwa amekwisha kukonda. Baya zaidi ni kuchanganya vipimo. Mizani inayosoma kwa ratili, ikisomwa kana kwamba ni kilo, itapandisha eneo la ngozi karibu mara moja na nusu, na dozi nayo vilevile. Ndiyo sababu katika kliniki zinazoendeshwa vizuri watu wawili hufanya hesabu kila mmoja peke yake kabla dawa haijachanganywa. Mgonjwa asiyeweza kusimama hukadiriwa urefu kwa kupima mikono iliyonyooshwa kutoka ncha hadi ncha, au kwa kimo cha goti.

Zipo hali ambazo hata namba sahihi hudanganya. Mgonjwa aliyejaa maji tumboni au miguuni ana kilo ambazo si nyama wala figo wala ini. Aliyekatwa mguu ana ngozi pungufu, ilhali viungo vyake vinavyosafisha dawa viko palepale, kwa hiyo wataalamu hawakubaliani kama apunguziwe dozi au la. Mtoto mchanga ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote. Ngozi yake ni nyingi mno kwa kilo zake, na kanuni inaahidi mwili wenye kasi kubwa, lakini figo na ini lake bado havijakomaa kutimiza ahadi hiyo. Vinkristini, kwa mfano, hutolewa kwa watoto kwa miligramu 1.5 kwa mita ya mraba. Mtoto wa kilo tano na sentimita 58 ana mita za mraba 0.28, na kwa njia hiyo angepata miligramu 0.43. Kwa hiyo watoto walio chini ya mwaka mmoja, au chini ya kilo kumi, mara nyingi hurudishwa kwenye kilo: miligramu 0.05 kwa kilo, ambayo kwa mtoto huyu ni 0.25. Namba hizo mbili, 1.5 na 0.05, hazikuokotwa hewani. Mtoto wa kilo 30 ana takriban mita moja ya mraba, hivyo kugawa dozi ya mita ya mraba kwa 30 kunaigeuza kuwa dozi ya kilo, na kwa mtoto aliye mdogo kuliko huyo jibu la kilo huwa dogo zaidi, jambo linalotakiwa hasa kwa mchanga.

Upande wa pili wako watu wanene. Kwa mtu wa sentimita 160 na kilo 120, Mosteller hutoa mita za mraba 2.31 na Du Bois 2.18, pengo la asilimia sita. Kwa siklofosfamaidi miligramu 600 kwa mita ya mraba, kanuni ya kwanza itampa 1,386 na ya pili 1,308. Lakini pengo hilo ni dogo likilinganishwa na desturi iliyodumu miaka mingi ya kuweka kikomo. Madaktari wengi, kwa hofu ya kumdhuru mgonjwa, walihesabu kila aliyezidi mita mbili za mraba kana kwamba ana mbili kamili. Hofu hiyo haikuwa na ushahidi mkubwa nyuma yake. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilipopitia tafiti kilikuta kwamba wagonjwa wanene waliopewa dozi kamili hawakudhurika zaidi ya wengine, na kikashauri uzito halisi utumike, hasa pale ambapo tiba inakusudia kuponya. Vikomo vilivyobaki na sababu ya kueleweka ni vichache. Vinkristini mara nyingi huishia miligramu mbili hata mgonjwa awe mkubwa vipi, kwa ajili ya mishipa ya fahamu.

Kwa doksorubisini mita za mraba zina kazi nyingine, ya kuweka daftari. Dawa hiyo huchosha msuli wa moyo kidogokidogo, na madhara yake hujumlishwa maishani. Madaktari hujumlisha dozi zote alizowahi kupata mgonjwa, nao hujizuia zinapokaribia miligramu 450 hadi 550 kwa mita ya mraba. Kwa dozi ya 60, hiyo ni kama mizunguko saba hadi tisa. Mgonjwa anayehama hospitali bila karatasi zake anaacha nyuma hesabu hiyo, na daktari mpya hana njia ya kuipata kwenye damu.

Ukosoaji mkubwa wa kipimo hiki umetoka kwa wanasayansi wa dawa wenyewe, nao una uzito. Kati ya panya na binadamu, au kati ya mtoto na mtu mzima, tofauti ya ukubwa ni kubwa kiasi kwamba mita za mraba zinaifuata vizuri. Kati ya watu wazima wawili, ambao miili yao inapishana kwa mita 0.3 au 0.4, mambo mengine hutawala: nguvu ya figo, vimeng'enya vya ini, dawa nyingine wanazokunywa, urithi. Mwaka 2002 Baker na wenzake walichapisha uchambuzi wa dawa 33 za saratani zilizokuwa zikichunguzwa kwa watu wazima kati ya 1991 na 2001. Kupima kwa mita za mraba kulipunguza tofauti za wagonjwa katika kuondoa dawa mwilini, kwa kiasi cha kuaminika, kwa dawa tano tu. Kwa zilizobaki, dozi moja ileile kwa kila mtu mzima isingeleta tofauti kubwa. Ndiyo maana dawa nyingi mpya, kama imatinibu ya miligramu 400 kwa siku, hutolewa kwa kiasi kimoja kwa wazima wote.

Karboplatini ilikwenda njia nyingine. Sehemu kubwa ya dawa hiyo hutolewa na figo, kwa hiyo mwaka 1989 Hilary Calvert na wenzake huko Uingereza waliacha ngozi na kuhesabu figo moja kwa moja. Kiwango cha dawa kinachotakiwa kwenye damu huzidishwa kwa kasi ya figo ikiongezwa 25. Kwa kiwango cha tano, mwenye figo zinazochuja mililita 100 kwa dakika hupata miligramu 625, na mwenye figo za mililita 40 hupata 325. Watu hao wawili wanaweza kuwa na urefu na uzito uleule, na kanuni ya ngozi isingeona tofauti yoyote kati yao. Lakini hata figo hazijaachana kabisa na mita za mraba. Majibu ya maabara ya kazi ya figo hutolewa kwa kila mita za mraba 1.73, wastani wa watu wazima vijana wa Marekani uliowekwa mwaka 1928. Miili imenenepa tangu wakati huo, na namba imebaki ileile.

Kama kipimo kina udhaifu huu wote, kudumu kwake kunahitaji maelezo. Sababu moja ni mazoea. Nyingine ina nguvu zaidi: dozi zote zilizothibitishwa kwa nusu karne ziliandikwa kwa lugha hiyo, na kuzibadilisha kungedai majaribio mapya kwa kila dawa. Tena dozi ya kwanza kwenye kliniki ya saratani ni makadirio yanayosubiri kusahihishwa. Kabla ya mzunguko wa pili damu hupimwa. Chembe nyeupe zikiwa zimeshuka mno, dozi hupunguzwa au huahirishwa, na mwili wa mgonjwa wenyewe hueleza kile ambacho urefu na uzito havikuweza kukieleza.

Afrika Mashariki hesabu hii hufanywa kila siku katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, na katika Taasisi ya Saratani ya Uganda jijini Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1967 ikitibu hasa uvimbe wa taya na tumbo wa watoto ambao Denis Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958 akiwa Mulago. Lakini watoto wengi wa eneo hili waliopewa dawa kwa mita za mraba walikuwa na VVU, na wazazi wao hawakuwahi kusikia habari za mita hizo. Nevirapini kwa watoto ilipangwa awali kwa miligramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, mara mbili kwa siku. Kwenye zahanati yenye foleni ndefu na muuguzi mmoja, kupima urefu, kutafuta kipeuo na kukata kidonge kwa kila mtoto anayekua mwezi hadi mwezi lilikuwa jambo lisilotekelezeka. Shirika la Afya Duniani lilitafuta suluhisho kwa kugawa watoto katika makundi ya uzito: kilo 3 hadi 5.9, 6 hadi 9.9, 10 hadi 13.9, 14 hadi 19.9, na 20 hadi 24.9. Kidonge kimoja cha kuyeyuka kwenye maji kilibeba dawa tatu pamoja, ikiwemo nevirapini miligramu 50, na makundi hayo yalipewa kwa zamu kidonge kimoja, kimoja na nusu, viwili, viwili na nusu, na vitatu, asubuhi na jioni.

Jedwali hilo halitaji ngozi popote, ila limejengwa juu yake. Kutoka kundi la kwanza hadi la mwisho uzito wa mtoto huongezeka karibu mara tano, na vidonge huongezeka mara tatu tu. Mtoto wa kilo 12 na sentimita 86, mwenye mita za mraba 0.54, alipata nevirapini miligramu 100, yaani 187 kwa mita ya mraba. Mwenye kilo 22 na sentimita 118, mita za mraba 0.85, alipata 150, yaani 177. Muuguzi alihitaji mizani tu, na dozi iliangukia pale ambapo kanuni ingeipeleka. Nevirapini sasa imeachiwa nafasi na dolutegraviri katika tiba ya watoto wengi, na dawa hiyo nayo hutolewa kwa makundi ya uzito.